UZI: Mhandisi wa mazingira ndani ya bunge la jimbo la makaa ya mawe – Evan Hansen wa West Virginia

Mpimamaji (mleta uzi):

Wakuu, habari za jioni.

Kuna mdau juzi aliuliza kwenye uzi mwingine: hivi mtu wa uhandisi wa mazingira akiingia bungeni anafanya nini ambacho mwanasheria au mfanyabiashara hakiwezi? Nikaahidi kuleta mfano mmoja ninaoufuatilia miaka sasa. Ni mrefu, sogezeni chai.

Jamaa anaitwa Evan Hansen. Yupo kwenye Baraza la Wajumbe la West Virginia, Marekani. Hilo ni bunge la jimbo, msilichanganye na lile la Washington. Anatokea Morgantown, mji wa chuo kikuu kando ya mto Monongahela. Mimi niliishi hapo miaka miwili nikisomea shahada ya pili. Sijawahi hata kusalimiana naye, kwa hiyo msinitafutie maslahi.

Nianzie kijitoni. Morgantown inakatwa na kijito kinaitwa Deckers Creek, na kandokando yake kuna njia ya waenda kwa miguu na baiskeli ambayo zamani ilikuwa reli. Siku yangu ya kwanza kupita pale nilidhani kuna mtu kamwaga rangi. Mawe yote yamevaa ngozi ya rangi ya chungwa. Nikaokota moja, nikalisugua kwa kidole gumba. Likatoka tope laini kama poda ya mtoto, na chini yake jiwe la kijivu la kawaida kabisa. Nilitafuta samaki, sikuona. Hata ule utelezi wa kijani unaotuangusha mitoni kwetu haukuwepo.

Ile ni kutu. Mgodi wa makaa ukishaachwa, maji ya mvua yanazama mle mashimoni, yanakutana na jiwe lenye chuma na salfa, hewa nayo ipo, yanatoka upande wa pili yakiwa tindikali iliyobeba chuma kilichoyeyuka. Yakifika nje chuma kinajitenga na kuganda kwenye mawe. Mgodi unaweza kuwa ulifungwa babu yako akiwa darasa la pili na bado unatema. Sheria yao ya kudhibiti uchimbaji wa makaa ilisainiwa Agosti 1977, na mashimo mengi yaliyoachwa kabla ya hapo hayana mwenyewe wa kumshika shati. Mwaka 1994 mgodi mmoja wa chini ya ardhi ulipasuka ukamwagia mto Cheat, jirani tu na hapo, mto ukaenda rangi hiyo hiyo.

Hiyo ndiyo shule ya Hansen. Vyeti vyake ni vya vyuo vikuu vya MIT (kompyuta na uhandisi) na Berkeley (nishati na rasilimali), lakini kazi aliyoifanya ni maji. Mwaka 1997 alianzisha kampuni ndogo ya ushauri, Downstream Strategies. Sehemu ya kazi zake ni mipango ya kusafisha mabonde ya mito: unajua kila mdomo wa mgodi unatema nini, tindikali na chuma kiasi gani kwa siku, mawe ya chokaa kiasi gani yatatuliza hiyo tindikali, uanze na mdomo upi ili hela kidogo iokoe kipande kirefu cha mto. Hakuna kamera huko. Alikaa humo miaka zaidi ya 20 ndipo akagombea.

Kilichomtoa kwenye majedwali na kumweka mbele ya watu, kwa maoni yangu, ni Alhamisi ya tarehe 9 Januari 2014.

Bunge la jimbo lilikuwa limefunguliwa Jumatano yake mjini Charleston. Asubuhi ya Alhamisi watu wakaanza kulalamikia harufu tamu hewani. Tangi la kampuni inaitwa Freedom Industries, ukingoni mwa mto Elk, lilikuwa limetoboka na kumwaga kama galoni 10,000, karibu lita 38,000, za kemikali ya kuoshea makaa iitwayo MCHM. Kama kilomita mbili na nusu chini ya hapo ndipo bomba la kampuni ya maji linaponyonya maji ya watu 300,000 katika wilaya tisa. Jioni likatoka tangazo: msinywe, msipikie, msioge, msifulie. Yabaki ya kumwagia chooni na kuzimia moto. Migahawa ikafunga. Bunge lenyewe likaahirisha shughuli kwa sababu jengo halina maji.

Kabla mwezi haujaisha, Downstream Strategies pamoja na asasi ya kutetea mito ya jimbo hilo walitoa ripoti, Hansen akiwa mmoja wa waandishi. Niliisoma baadaye nikiwa mwanafunzi. Haina kilio. Inauliza vitu vikavu: tangi hili lilikuwa na kibali gani, nani alipaswa kulikagua, kampuni ya maji ilijua kuna nini juu ya bomba lake? Majibu ndiyo yanakuumiza. Mwaka huo huo bunge likapitisha sheria ya matangi. Mwaka uliofuata bunge hilo hilo likailegeza.

Sasa siasa. Alichaguliwa Novemba 2018 kwa chama cha Democrat. Baada ya uchaguzi ule chama chake kilikuwa na viti 41 kati ya 100. Baada ya 2020, viti 24. Baada ya 2022, 12. Baada ya 2024, 9, yeye akiwa mmojawapo. Yaani kila akirudi anakuta viti vitupu upande wake vimeongezeka. Kwenye jimbo ambalo karibu umeme wote unatokana na makaa, mtu wa maji safi akibaki na wenzake wanane hana anachoweza kulazimisha. Kura hana. Alichonacho ni kujua namba imejificha wapi ndani ya muswada.

Nitaleta mifano hapo chini, vidole vimechoka.

Kichwa Ngumu:

Mleta uzi, umeandika vizuri ila kichwa cha habari umetupiga. Kompyuta MIT, nishati Berkeley. Mhandisi wa mazingira yuko wapi hapo?

Mpimamaji:

Haki yako mkuu. Kwa cheti siyo. Kwa kazi, mtu aliyepiga hesabu za tindikali miaka 20 mimi namhesabu mwenzangu. Wapo wenye cheti hasa cha uhandisi wa mazingira ambao tangu wamalize chuo hawajagusa kipimo cha pH, kile cha kupima tindikali. Mmoja anaandika huu uzi kila akikosa tenda.

Kichwa Ngumu:

Hahaha, sawa, yaishe. Lete mifano.

Dada wa Ubungo:

Kabla hujaendelea kaka, hilo suala la kampuni. Anamiliki kampuni ya ushauri wa mazingira halafu anatunga sheria za mazingira. Huku kwetu tungeshamwita majina.

Mpimamaji:

Dada, swali zuri. Bunge la West Virginia ni la muda. Linakaa siku 60 kwa mwaka, kwa kawaida kuanzia Januari, basi, labda liitwe mkutano maalumu. Mshahara ni dola 20,000 kwa mwaka, kama milioni 50 hivi za madafu, na kwa maisha ya kule huwezi kulea familia. Kwa hiyo karibu wote wana kazi nyingine: mawakili, walimu, wakulima, watu wa gesi, watu wa makaa. Mgongano wa maslahi umejaa ukumbi mzima. Wa kwake angalau uko wazi, kampuni ina jina na tovuti. Sisemi ni sawa. Nasema ukimtoa yeye kwa kigezo hicho, utabaki na spika na walinzi.

Dada wa Ubungo:

Milioni 50 kwa MWAKA? Wabunge wetu wasiuone huu uzi.

Kijana wa Pwani:

Harufu tamu ya nini mkuu? Maana kemikali nyingi ninazozijua zinanuka.

Mpimamaji:

Wenyewe waliifananisha na pipi zao nyeusi za urukususu. Wazee wa pwani wanaujua, ule mzizi mtamu wa dawa. Fikiria umefungua bomba usiku kumwogesha mtoto, bafu zima linanukia pipi.

Haya, mifano.

Wa kwanza, 2019, kikao chake cha kwanza cha kawaida. Idara ya mazingira ya jimbo ilipendekeza kusasisha viwango vya kemikali zinazoruhusiwa mitoni, kama 60 hivi, ili viendane na mapendekezo ya serikali kuu. Viwango hivi vinatokana na hesabu: mtu ana uzito gani, anakunywa maji kiasi gani, anakula samaki wa mto huo kiasi gani. Serikali kuu inatumia mtu wa kilo 80 anayekunywa lita 2.4 kwa siku. Chama cha wenye viwanda kikapinga, na moja ya hoja zake ilikuwa kwamba watu wa West Virginia ni wazito kuliko wengine na wanakunywa maji kidogo, kwa hiyo kiwango chao kinaweza kuwa tofauti. Someni tena taratibu. Kwa sababu nyie ni wanene, mto wenu unaweza kubeba sumu zaidi. Ilizua kelele nchi nzima, lakini bunge liliahirisha viwango vyote vile. Hansen alikuwa upande ulioshindwa.

Ila kihesabu hoja ile haina kosa la kutoa na kujumlisha! Ukipandisha uzito na kushusha maji, kiwango kinapanda. Ndiyo maana unahitaji humo ndani mtu anayeijua fomula, aseme: sawa, na mtoto wa kilo 12 umemweka mstari upi?

Wa pili, 2021. Ukaja muswada wa kuyatoa baadhi ya matangi madogo ya mafuta na gesi kwenye ukaguzi wa ile sheria ya 2014, yakiwemo yaliyo karibu kabisa na midomo ya mabomba ya maji. Hansen alisimama kuupinga. Sheria yao ina kitu kinachoweza kutafsirika "eneo la hatari kuu". Hawakulipima kwa kilomita, wamelipima kwa muda: ni sehemu yote ya juu ya mto ambayo kitu kikimwagika kinafika kwenye bomba ndani ya saa tano. Saa tano ndizo alizonazo mwenye mtambo kufunga milango yake. Ukiisoma sheria haraka unaona maneno ya kisheria tu. Mtu wa maji anaona pale mwendo wa mto.

Mzee wa Makaa:

Wanangu, mimi nimefanya kazi ya makaa miaka 19, huku nyanda za juu kusini. Sitataja wapi. Huyo anayesema maji ya rangi ya chungwa hasemi uongo. Kulikuwa na mfereji mmoja nyuma ya karakana, ukiacha ndoo ya bati mwezi mmoja unakuta matundu. Tulikuwa tunaambiana ni udongo mwekundu.

Mpimamaji:

Shikamoo mzee wangu. Ndoo ya bati ni kipimo kizuri kuliko baadhi ya maabara nilizowahi kulipia.

Mzee wa Makaa:

Marahaba mwanangu. Lakini nikuulize. Watu wa makaa wanampigia kura mtu wa namna hiyo? Maana sisi mtu akija na kipimo cha maji tulijua anakuja kufunga mgodi.

Mpimamaji:

Mzee, hapo umegusa penyewe. Morgantown ni mji wa chuo na hospitali, makaa siyo mwajiri mkuu tena, ndiyo maana anapita. Ukimpeleka wilaya za kusini mwa jimbo hilo sidhani kama angemaliza mkutano mmoja wa kampeni. Lakini jinsi anavyoongea kuhusu makaa, sijamsikia akiwasema wachimbaji. Anaongelea kazi. Mfano ni yale maji ya chungwa. Watafiti wa chuo cha pale wamegundua kuwa ukiyatibu, tope linalobaki lina madini adimu, yale yanayotakiwa kwenye simu na magari ya umeme. Mwaka 2022 bunge likapitisha sheria ya kuweka wazi kwamba anayeyasafisha anaweza kunufaika na kinachotoka humo. Uchafu ukawa mali. Pia kuna fedha za sheria ya miundombinu ya Washington ya 2021, dola bilioni 11.3 kwa ajili ya migodi iliyoachwa nchi nzima, na West Virginia ni kati ya majimbo yanayopata fungu nene. Fedha hizo zinahitaji madereva wa katapila, na hao ni watoto wa wachimbaji.

Kichwa Ngumu:

Nakubali yote, ila nauliza kibishi: ameshinda nini? Mpaka sasa umetuletea mtu anayepigwa kura chini kila mwaka. Huo ni uvumilivu, siyo kazi ya ubunge.

Mpimamaji:

Nilikuwa nakungoja.

2021: sheria ya sola. Kabla yake, ukifunga paneli juu ya paa la shule au kanisa halafu ukaiuzia shule hiyo umeme, sheria ingekutazama kama shirika la umeme, na usimamizi wake wote. Kwa hiyo hakuna aliyefunga, maana shule haina mtaji wa kununua paneli yenyewe. Hansen alikuwa miongoni mwa waliopigania kubadili hilo, ikapita kwenye bunge ambalo chama chake kilikuwa robo, gavana Jim Justice, mtu wa Republican na familia yake ni ya makaa, akasaini.

2023: sheria ya kemikali za PFAS, zile wanazoziita za milele kwa sababu haziozi. Jimbo hilo lina kidonda chake: kiwanda cha DuPont karibu na Parkersburg kilichafua maji kwa kemikali ya kutengenezea Teflon, watu wapatao 69,000 wakapimwa damu, na 2017 kesi zikamalizwa kwa dola milioni 671. Wataalamu wa serikali kuu walipima vyanzo vya maji 279 jimboni. Sheria ya 2023 inaitaka idara ya mazingira itafute PFAS iliyoonekana humo inatoka wapi, na iandae mpango wa kila eneo. Muswada ulibebwa na mtu wa Republican. Hansen aliuunga mkono.

Angalia hizo mbili. Jina la mbele siyo lazima liwe lake. Ukiwa kwenye chama cha wachache, muswada wako mzuri unampa jirani auuze.

Kichwa Ngumu:

Hapo nimekaa kimya kidogo.

Kijana wa Pwani:

Na yule mwenye tangi alifanywa nini?

Mpimamaji:

Kampuni ilijitangaza imefilisika siku nane tu baada ya kumwaga. Rais wake alihukumiwa 2016, siku 30 jela na faini. Usiniulize zaidi, nitaharibu uzi.

Dada wa Ubungo:

Mimi ile ya saa tano imenikaa kichwani. Huku tunakunywa Ruvu. Mtu wa kawaida anaweza kujua saa tano juu ya bomba ni wapi, au mpaka awe na mashine?

Mpimamaji:

Dada, unahitaji chungwa, kamba na saa ya simu. Pima mita 50 ukingoni sehemu iliyonyooka. Tupa chungwa katikati ya mkondo, juu kidogo ya alama ya kwanza. Chungwa linazama karibu lote, upepo haulisukumi, na rangi yake unaiona. Hesabu sekunde kutoka alama hadi alama. Rudia mara tatu au nne. Gawanya 50 kwa sekunde, zidisha kwa 0.85 kwa sababu juu maji yanakimbia kuliko chini. Kisha zidisha kwa 18,000, ambazo ndizo sekunde za saa tano. Unapata mita. Mto ukijaa inakuwa mbali zaidi, kwa hiyo pima masika na kiangazi. Na usiingie majini, kuna sehemu zina mamba.

Mzee wa Makaa:

Nipo nyumbani kwa binti yangu, mto haupo mbali na bomba la kijiji lipo hapo hapo. Jumamosi nitajaribu na wajukuu.

Kichwa Ngumu:

Mzee utuletee namba. Siyo porojo.

Mzee wa Makaa:

Nimerudi. Mita 50, tumerusha mara nne, wastani sekunde 78. Mjukuu wa kidato cha pili kapiga hesabu: karibu kilomita tisa na mita mia nane. Tukapanda bodaboda kwenda juu kuangalia. Humo ndani kuna gereji mbili, machinjio, tangi moja la mafuta ya jenereta na bwana mmoja anayechanganya dawa za nyanya kwenye pipa ukingoni kabisa. Nimempa salamu, nikamuuliza pipa analisuuzia wapi. Akanionyesha mto kwa mkono ulioshika sufuria ya chai, wala hakuona kama nimeuliza kitu.

Machungwa matatu yamekwenda na maji. La nne mdogo wao alilidaka, akalila.

Mpimamaji:

Mzee, naomba nikupigie kesho hilo la pipa. Tuanze na huyo bwana wa nyanya.